Ghala Limetafunwa

Mtu wa kwanza kuharibu mchezo mpya wa mezani kwa kawaida ni yule yule aliyeuleta. Ameusubiri kwa miezi. Shemeji yake wa Dar es Salaam ameutafuta, ameupata, ameupakia kwenye basi, na sanduku limesafiri zaidi ya kilomita 1,000 likiwa limebanwa kati ya gunia la mchele na godoro la watu. Siku linaposhushwa Omurushaka, Karagwe, mkoani Kagera, mwenye sanduku ameshaishiwa subira. Anataka watu wacheze leo, wacheze vizuri, na kabla hawajagusa kitu anataka wajue kila kitu.

Tuseme ndani ya sanduku mna Catan. Huo ni mchezo wa Klaus Teuber, Mjerumani aliyekuwa fundi wa meno bandia, ulioingia madukani mwaka 1995 na mwaka huo huo ukanyakua Spiel des Jahres, tuzo ya Ujerumani ya mchezo bora wa mwaka. Kuna kisiwa cha vipande 19 vyenye pembe sita. Kila kipande kinatoa mbao, matofali, sufu ya kondoo, ngano au mawe ya madini, isipokuwa jangwa ambalo halitoi kitu. Dadu mbili zinarushwa, na vipande vyenye namba iliyotoka vinazaa. Mazao hayo unajengea barabara, vijiji na miji, na wa kwanza kufikisha pointi 10 ameshinda.

Msomaji ameshauelewa mchezo. Mwenye sanduku, kwa habari hiyo hiyo, anahitaji jioni nzima. Anaanza na historia ya kisiwa. Anapita kwenye kanuni ya jambazi, kanuni ya bandari, kanuni ya barabara ndefu kuliko zote, kanuni ya jeshi kubwa kuliko yote. Akifika kwenye karata za maendeleo, jirani mmoja ametoka kwenda kuhamisha mbuzi na hajarudi, shangazi amesinzia na karata ya kondoo mkononi, na baba mkwe, ambaye heshima yake haimruhusu kusinzia ugenini, anauliza swali alilolishikilia tangu chai ilipomiminwa: “Sasa tunaanza lini, mwanangu?”

Kinachomponza mwenye sanduku ni dhana kwamba hawa ni watu wasiojua michezo ya mezani. Karagwe na Kyerwa, ambayo ilimegwa kutoka Karagwe mwaka 2012, zimekaa katikati: kaskazini ni Uganda kwenye omweso, magharibi ni Rwanda kwenye igisoro. Yote miwili ina safu nne za mashimo manane manane na kete 64, hesabu ile ile ya bao la Kiswahili linalochezwa pwani. Mwaka ule ule ambao Catan ilitoka, mtafiti Mholanzi Alex de Voogt alichapisha tasnifu yake ya uzamivu kuhusu mabingwa wa bao wa Zanzibar na jinsi wanavyozihesabu kete kichwani kabla ya kunyoosha mkono. Mzee aliyezoea hesabu za namna hiyo hahitaji kusomewa kijitabu. Anahitaji kuachwa aone raundi mbili. Baada ya hapo, ni heri mwenye sanduku achunge vijiji vyake.

Shida za kweli hutokea mahali ambapo kijitabu hakikuwaza kabisa.

Chukua jambazi. Ikitoka saba, hakuna anayevuna, na saba hutoka kuliko namba nyingine yoyote, kwa kuwa katika namna 36 ambazo dadu mbili zinaweza kuanguka, sita huleta saba. Aliyeirusha anamchukua jambazi na kumweka kwenye kipande kingine anachokitaka. Kipande hicho kinafungwa, na mwenye kijiji hapo anaibiwa karata moja. Sasa mkalishe mezani kijana aliyeoa Nyaishozi, na mbele yake baba mkwe wake. Dadu zinaanguka: nne na tatu. Kipande kinono kuliko vyote kisiwani, ngano yenye namba nane, ni cha mzee, na kila mtu anakiona. Kijana anamshika jambazi, anamnyanyua, anamzungusha angani juu ya kisiwa kizima huku jasho likimtoka, kisha anamtua kwenye shamba lake mwenyewe.

“Hapa panamfaa, baba.”

Kanuni zinaruhusu. Ni kwamba tu si rahisi kuamini kuwa Teuber aliwahi kufikiria mtu angejiibia kwa adabu. Mzee anakubali kwa kichwa, ameridhika na malezi ya kijana. Dakika tano baadaye saba inamtokea yeye, na bila kupepesa jicho anamhamishia jambazi kwenye shamba la pili la mkwe wake, anachomoa na karata. Heshima ya ukweni, kumbe, ni barabara ya upande mmoja.

Kisha zawadi. Mzee huyo huyo anamwona binti yake amekwama kwa kukosa kondoo mmoja. “Chukua, mama, ujenge.” Mwenye sanduku anaruka: kanuni za Catan zinataka mabadilishano, kutoa karata bure hakuruhusiwi. Meza inanyamaza. Mzee anamtazama kwa muda. “Unasema mtu asimpe mtoto wake kondoo?” Mwenye sanduku anafungua kijitabu, anaonyesha mstari, mstari uko kwa Kiingereza, na mzee anasema huo ni utaratibu wa huko huko walikouandikia. Suluhu inapatikana kwa binti kumpa baba yake karata moja ya mbao, ambayo mzee anaipokea akisema itafaa kuwashia moto. Sheria imefuatwa. Kondoo amefika.

Mgeni wa kuogopwa zaidi, hata hivyo, ni mfanyabiashara wa Murongo. Kwao ni mpakani kabisa: ukivuka Mto Kagera uko Kikagati, Uganda. Anaelezwa kwamba benki ya Catan inabadilisha mzigo kwa bei ya nne kwa moja, bandari ya kawaida tatu kwa moja, bandari maalumu mbili kwa moja. Anasikiliza kwa umakini ambao mwenye sanduku hajawahi kuuona kwa mwanafunzi yeyote. Halafu anauliza: “Na njia ya panya iko wapi?”

Watu wanacheka, maana wanajua anachokisema. Kwa miaka mingi viongozi wa Kagera wamekuwa wakihangaika na kahawa inayovuka mpaka usiku kila bei ya ng'ambo inaponona. Bwana huyu lakini hatanii. Anamwinamia mchezaji aliyekaa kulia kwake na kumnong'oneza: nipe ngano mbili sasa hivi, kondoo wangu watakaozaliwa raundi ijayo wote ni wako. Anayesikia ni mkulima wa kahawa kutoka Nkwenda. Anagonga meza mpaka vijiji vinaruka.

“Hiyo ni butura!”

Kwa asiye wa huku, butura ni ule mtindo wa kuuza kahawa ingali mtini, wakati mwingine ikiwa bado maua, kwa bei ya kutupa, kwa sababu ada ya shule haisubiri mavuno. Serikali imeukataza, mikutano imehutubiwa, na bado haujaisha. Ukweli ni kwamba Catan nayo inaukataza: kinachouzwa ni karata uliyoishika mkononi, si mazao ya kesho. Kwa jambo hili Klaus Teuber na uongozi wa mkoa wako upande mmoja, na mfanyabiashara wa Murongo analazimika kununua ngano yake kwa njia halali, kwa uchungu unaoonekana usoni.

Monopoly, sanduku ambalo wengi walilikuta kwa ndugu wa mjini na kudhani michezo yote ya mezani ni hiyo, haifiki mbali sana Karagwe. Mzee mmoja huuliza hati iko wapi na kama mwenyekiti wa kijiji alikuwepo wakati wa kupima, na hapo safari inaishia. Katika nchi ambayo ardhi yote ni ya umma chini ya dhamana ya Rais, kama Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inavyosema, kununua mtaa mzima kwa kutua juu yake kunahitaji maelezo. Si vibaya kukumbuka kwamba mama wa mchezo huo, Mmarekani Lizzie Magie, aliusajili mwaka 1904 kwa nia ya kuonyesha ubaya wa kuhodhi ardhi. Maswali ya mzee angeyapenda.

Puerto Rico ndio mchezo ambao ungepaswa kuwa wa kwao. Aliutoa Andreas Seyfarth mwaka 2002, na ni wa mashamba, ghala na meli. Sokoni mahindi bei yake ni sifuri, kahawa nne, ndiyo bidhaa ghali kuliko zote tano. Mkulima wa Nkwenda akiiona bei hiyo anakaa vizuri kwenye kiti. Anachouliza kwanza ni kuhusu vile visahani vya mbao vya rangi ya kahawia vinavyopelekwa shambani kufanya kazi: hawa vibarua wanalipwa na nani? Kijitabu cha zamani kinawaita walowezi na kupita haraka. Wachezaji wa nchi nyingine waliuliza swali hilo hilo kwa miaka, wakijua historia ya utumwa ya kisiwa cha Puerto Rico, na mwaka 2022 likatoka toleo jipya lililowekwa mwaka 1897, baada ya utumwa kukomeshwa. Sanduku lililofika Kayanga, bila shaka, ni lile la zamani, kwa sababu ndilo la mtumba.

Na kwa kuwa ni la mtumba, mapipa 9 ya mbao yanayosimamia kahawa hayamo. Mwenye sanduku anapata wazo analoliona la busara. Kahawa ipo ndani ya nyumba, kahawa halisi ya Kagera, ile ya kutafuna: robusta iliyochumwa kabla haijaiva sawasawa, ikachemshwa pamoja na majani ya kuipa harufu, ikakaushwa mpaka ikawa nyeusi na ngumu. Anahesabu kahawa tisa, anazipanga kwenye kisahani katikati ya meza. Zinapendeza kuliko mapipa.

Asichokumbuka ni kwamba kila aliyekaa pale amekuzwa akijua maana ya kahawa kwenye kisahani mbele ya mgeni. Ndiyo karibu yenyewe. Zamani hata watu waliochanjiana udugu walikula punje mbili za tunda moja. Kwa hiyo baba mkwe, akiwa anasubiri zamu yake, ananyoosha mkono, anachukua moja, anashukuru, anatafuna. Mkulima wa Nkwenda anafuata. Shangazi anaamka, anachukua mbili, moja ya kubaki nayo. Waliobaki nao wananyoosha mikono. Mwenye sanduku yuko kwenye ukurasa wa saba wa kijitabu, anasoma kwa sauti kuhusu nahodha na kanuni kwamba bidhaa isiyopakiwa melini itaoza. Anapoinua macho ili agawe mavuno, kisahani kimebaki na vumbi.

“Jamani, ile kahawa ilikuwa ya ghala!”

“Ghala lako limekausha vizuri,” anasema mzee, akitoa ganda mdomoni.

Walicheza kahawa ikiwakilishwa na punje za mahindi, na mahindi yakiwakilishwa na maharage, jambo lililozua kesi nyingine ambayo haina haja ya kusimuliwa, ila inatosha kusema kuku aliingia.

Mtu anaweza kusoma haya akadhani Karagwe si mahali pa michezo hii. Ni kinyume. Tatizo halisi liko mahali pamoja, na mwenye sanduku angelitambua mapema kama angesimama robo saa kwenye kijiwe chochote cha drafti kandokando ya barabara ya Omurushaka. Ubao umechorwa kwenye kipande cha mbao. Kete ni vizibo vya soda. Mmoja vyake vimelala chali, mwenzake vyake vimelala kifudifudi, basi, hakuna cha kununua. Wachezaji ni wawili, wataalamu ni kumi na wawili. Mmoja anasema kula, mwingine anasema ukila unaliwa tatu, wa tatu amepaki bodaboda katikati ya safari na abiria wake naye ana maoni. Aliyefungwa anainuka, anayesubiri anakaa. Hakuna anayewafukuza watazamaji, maana bila wao mchezo haunogi. Drafti na bao zinawaruhusu kwa sababu moja: kila kitu kiko wazi juu ya ubao.

Catan ina karata za mkononi. Ni siri. Hapo ndipo mwenye sanduku anapoumbuka, akiwa ameihamishia meza kibarazani ili watu wengi waone. Kinyozi wa jirani anakuja kusimama nyuma ya mfanyabiashara wa Murongo, mashine bado mkononi, mteja wake amebaki kwenye kiti na nusu ya kichwa. Mfanyabiashara anaapa hana ngano. “Anazo tatu!” anatangaza kinyozi. “Na kondoo wawili kawaficha nyuma!” Mwenye sanduku anaomba kimya. Ni ombi geni sana kibarazani. Watoto wanahesabu kwa sauti karata za kila mtu, na mpaka jua linatua hakuna siri iliyobaki kisiwani. Ni kweli kwamba Catan ya namna hiyo ilichezwa haraka kuliko kawaida.

Mchezo ulioponea kibarazani bila kujeruhiwa ni Jenga. Aliyeubuni, Leslie Scott, ni Mwingereza aliyezaliwa Tanganyika na kukulia Afrika. Familia yake iliucheza kwa vijiti vya mbao kabla yeye hajauzindua kwenye maonyesho ya vitu vya kuchezea ya London mwaka 1983, ukiwa na jina lake la Kiswahili. Vijiti ni 54, kanuni zinaelezeka huku mtu amesimama, na watazamaji wana kazi yao rasmi: kushusha pumzi wote kwa pamoja. Adui wake ni lori. Lori la mizigo likishuka kona ya Omurushaka meza inatetemeka, mnara unaanguka, na kesi inakuwa kama aliyekuwa anachomoa kijiti ndiye ahesabiwe kufungwa. Kibarazani iliamuliwa kwamba lori likisikika, wote wanasimamisha mkono mpaka lipite. Kanuni hiyo haimo kwenye sanduku.

Uno nayo inapita bila maelezo, kwa sababu ni ndugu wa “last card” ambayo vijana wameicheza miaka yote kwa karata za kawaida. Kinyozi alifurahi sana kusikia kwamba Uno ilibuniwa mwaka 1971 na kinyozi mwenzake, Merle Robbins wa jimbo la Ohio, Marekani. Tangu siku hiyo anaizungumzia kama mali ya chama.

Pandemic, ya Matt Leacock ya mwaka 2008, ilianza vibaya kwenye ramani. Ina miji 48 ya dunia. Kutoka Khartoum mstari unakwenda Kinshasa na mwingine Johannesburg, na ukanda wetu wote wa Ziwa Victoria unapitwa juu kwa juu. Mkoa wa Kagera uliopambana na ugonjwa wa Marburg kule Bukoba Vijijini mwaka 2023, na tena Biharamulo mapema 2025, hauna hata nukta. Shangazi alipoona hivyo alisema ndiyo sababu wanashindwa. Lakini mchezo wenyewe aliupenda kuliko wote, kwa kuwa wachezaji wote wako upande mmoja dhidi ya magonjwa, karata zinaweza kujadiliwa mezani, na kinyozi akipiga kelele nyuma ya mtu anahesabiwa kuwa mshauri.

Ukiuliza basi sanduku lipi lipelekwe Karagwe au Kyerwa kwanza, jibu si Catan, japo ndilo maarufu, wala Puerto Rico, japo ndilo lenye kahawa. Ni Carcassonne, ya Klaus-Jürgen Wrede, iliyotoka mwaka 2000 na kupata tuzo ile ile ya Ujerumani mwaka uliofuata. Kuna vigae 72 vya karatasi ngumu. Ikifika zamu yako unachukua kimoja na kukiunganisha na vilivyopo: barabara kwa barabara, mji kwa mji, shamba kwa shamba, kisha ukitaka unasimamisha kijitu chako cha mbao hapo kudai eneo. Vigae havina neno hata moja la Kiingereza. Wanacheza wawili hadi watano, na hauzidi saa moja. Jambo kubwa zaidi ni hili: kijitabu cha mchezo wenyewe kinamtaka mchezaji akichukua kigae awaonyeshe wenzake, ili wamshauri mahali pazuri pa kukiweka. Wajerumani waliandika kanuni ya kijiwe cha drafti bila kukiona kijiwe.

Kilichobaki ni lugha ya kijitabu. Mwenye sanduku alisoma kutoka Kiingereza na kufasiri papo hapo, na nusu ya ugomvi wa kondoo na mbao ulitokana na hapo. Kwa hiyo wewe unayesoma haya, ukiwa na sanduku kabatini na jioni moja isiyo na kazi, andika kanuni zake kwa Kiswahili kwenye kurasa mbili za daftari, lengo la mchezo likiwa mstari wa kwanza, uzibandike ndani ya kifuniko. Kisha mpe mzee azisome yeye kwa sauti, usizisome wewe.